Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kwa nini wanachuo wanajifunza lugha za kigeni, na kwa nini sababu zao hazifanani

Maswali haya yanatoka kwa wanachuo wa Arusha na Moshi, kwa wazazi wao, na kwa waongoza watalii wanaoingia darasa la jioni wakiwa bado na vumbi la Tarangire kwenye viatu. Nafundisha lugha na kusimamia tasnifu chache kila mwaka, kwa hiyo mengine ni ya kitaaluma na mengine ni ya tumbo. Nimeyapanga kwa kadiri yanavyorudiwa.

Ni kweli Wazungu hujifunza lugha kwa kuipenda, sisi tunajifunza kwa kutafuta ajira?

Swali hili huulizwa kwa unyonge, kana kwamba kutafuta ajira ni kosa. Chimbuko lake liko Canada. Mwaka 1959 Robert Gardner na Wallace Lambert walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa sekondari wa Montreal, wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakisoma Kifaransa. Waliona kwamba waliofanya vizuri zaidi ni wale waliotaka kuwakaribia wasemaji wa Kifaransa wa mji uleule: kuwafahamu, kuzoeana nao, hata kuhesabiwa miongoni mwao. Msukumo huo wa kujiunga na watu wakautenga na msukumo wa manufaa, yaani kusoma kwa ajili ya cheti, kazi au mshahara. Kwa miaka mingi walimu walifundishwa kwamba wa kwanza ndio wa maana na wa pili ni wa kubangaiza.

Lakini Montreal ni mji ambao mwenye lugha unayosoma ni jirani yako. Mwaka 1972 Yasmeen Lukmani aliwapima wasichana wa shule wanaosema Kimarathi huko Bombay, na matokeo yakaenda upande mwingine: waliokijua Kiingereza zaidi ni waliokitaka kwa manufaa, wala hawakuwa na haja ya kufanana na Waingereza. Gardner na Lambert wenyewe walipofika Ufilipino walikuta mambo yanayokaribiana na hayo. Kwa hiyo msukumo wa manufaa si wa daraja la pili. Una nguvu pale ambapo lugha ni mlango wa riziki na wenye lugha wako mbali.

Na hao Wazungu je? Mwaka 2004 England iliacha kuwalazimisha wanafunzi waliopita miaka 14 kusoma lugha ya kigeni, na madarasa ya Kifaransa na Kijerumani yakapungua vibaya. Wengi wa waliobaki ni wanaoipenda kweli, kwa sababu wenzao wana Kiingereza tayari na hakuna kinachowasumbua. Ukiwachukua hao wachache ukawalinganisha na darasa zima la Moshi, umelinganisha mchele uliopetwa na mpunga wa shambani. Utaona upendo upande mmoja na njaa upande wa pili, na utadhani umegundua jambo kuhusu tamaduni.

Sasa tofauti ya kweli kati ya tamaduni iko wapi?

Kwa maoni yangu iko hapa: mwanafunzi anaposoma, nani amesimama nyuma yake.

Zoltán Dörnyei, Mhungari aliyefundisha Nottingham na kufariki mwaka 2022, alitoa mwaka 2005 nadharia ambayo wanaoandika tasnifu wengi siku hizi wanaitumia. Alisema mwanafunzi wa lugha huvutwa na picha mbili za nafsi yake ya kesho. Moja ni nafsi anayoitamani mwenyewe. Nyingine ni nafsi anayoona anapaswa kuwa, kwa sababu wazazi, walimu au jamii wanaitegemea. La tatu ni hali ya darasani kwenyewe: mwalimu, wenzake, alama, hata benchi analokalia.

Mwaka 2009 Taguchi, Magid na Papi waliipima nadharia hiyo kwa watu karibu 5,000 nchini Japani, China na Iran. Vipande vyote vilionekana katika nchi zote tatu, ila havikuwa na uzito sawa. Kwa Wajapani, kuvutiwa na watu na utamaduni wa lugha ile kuliijenga nafsi wanayoitamani kuliko matarajio ya kazi. Kwa Wachina na Wairani viwili hivyo vilikaribiana. Ukijua kwamba katika mtihani wa kuingia chuo kikuu China lugha ya kigeni ina alama 150 kati ya 750, hutashangaa.

Sasa njoo kwetu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepanga chumba Rau, bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) imechelewa, ada ya muhula wa kwanza ililipwa na shangazi wa Himo na ya pili itatoka kwenye kikao cha ukoo cha Desemba, wakati wote wamerudi Kilimanjaro. Ukimuuliza kwa nini anasoma Kijerumani atakwambia anataka kazi nzuri. Ukikaa naye zaidi utasikia kuhusu mdogo wake aliye kidato cha tatu. Nadharia nyingi huiandika nafsi hii ya pili, ile anayoona anapaswa kuwa, kama mzigo uliotoka nje, kitu ambacho mtu mzima angekitua. Mimi siioni hivyo. Kwa wanafunzi wengi ninaowafahamu, mdogo wake hayuko nje yake. Kumsomesha ni sehemu ya mtu anayetamani kuwa. Nafsi zile mbili ambazo vitabu huzitenganisha hapa hukutana, na ndiyo maana majibu ya wanafunzi wetu huwachanganya watafiti.

Anayesoma kwa ajili ya familia hachoki haraka?

Inategemea familia inasukumaje. Mwaka 2005 Chen, Warden na Chang walichunguza wanafunzi wa Kiingereza huko Taiwan, mahali ambapo mtihani na wazazi vina sauti kubwa. Kulazimishwa na mtihani kulitajwa sana, lakini peke yake hakukuwafanya watu wajifunze vizuri. Kilichofanya kazi ni matarajio: mtu kuamini kwamba akiweka juhudi atafika. Msukumo wa kutaka kujiunga na wasemaji wa Kiingereza haukuonekana kuwa na kazi yoyote ya maana.

Ninaona kitu hichohicho hapa. Mzazi anayepiga simu kila Jumapili kuuliza umepata ngapi hamsaidii kijana. Mzazi anayesema mwanangu, Kifaransa hiki utakimudu, mbona Kiswahili ulijifunza mtaani mkiwa mnasema Kipare nyumbani, huyo anampa kitu.

Kwa nini Arusha na Moshi watu wanakimbilia Kijerumani na Kihispania?

Kwa sababu ya mlima na mbuga, ila si hivyo tu.

Upande wa biashara ni rahisi kueleza. Waongoza watalii wanaojua Kiingereza ni wengi mno. Anayejua Kihispania, Kijerumani, Kiitaliano au Kifaransa ni wachache, na kampuni ya utalii yenye kundi kutoka Madrid humtafuta kwa simu na mara nyingi humlipa zaidi kwa siku. Mwanafunzi anaishi naye mtaa mmoja Sakina au Njiro. Anamwona akijenga. Nafsi anayoitamani haihitaji kuiwaza, inapita mbele yake na gari. Hili ni jambo ambalo vijana wa vyuo vya mbali na njia ya watalii hawana, na nadhani linaeleza hamasa ya wanafunzi wa kaskazini kuliko hoja yoyote ya kabila au dini.

Kijerumani kina mizizi mingine pia. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, miaka minne baada ya Hans Meyer kufika kilele cha Kibo, na mpaka leo sharika nyingi za Kilimanjaro, Meru na Pare zina ushirikiano na sharika za Ujerumani. Kijana amekua akiona wageni wa usharika wakila kwao nyumbani, wakipewa ndizi na nyama, wakitumiana picha na mama. Kwake Kijerumani ni lugha ya mtu anayemjua kwa jina. Ule msukumo wa Montreal, wa kuwakaribia watu, umo hapa Kibosho na Marangu, na umefungwa pamoja na ule wa manufaa. Ukimlazimisha achague kimoja kwenye dodoso atachagua kazi, kwa kuwa ndilo jibu la mtu mzima.

Kifaransa bado kina maana Arusha?

Kina maana kuliko watu wanavyodhani. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi kwenye kituo cha mikutano cha AICC hapa Arusha mpaka Desemba 2015, ilihitaji watu wa Kiingereza na Kifaransa kila siku, na kizazi kizima cha makatibu, madereva na wafasiri wa hapa mjini kilijifunza kwa sababu hiyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia Arusha mwaka 2007, bado inatoa hukumu zake kwa Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kifaransa na Kiswahili viwe lugha za Jumuiya, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia. Mwanafunzi wa sheria, uhasibu au ushirika anayekaa kilomita chache kutoka makao makuu ya Jumuiya na hajui hata kusalimia kwa Kifaransa, mimi huwa namshangaa.

Na Kichina?

Wanaokisoma huku ni wachache kuliko Dar es Salaam na Dodoma, ambako vyuo vikuu vina Taasisi za Confucius. Wengi wanaonifuata wanalenga ufadhili wa masomo au biashara ya bidhaa. Hamasa yao huwa kali mwanzoni, kisha herufi zinawachuja. Wanaobaki ni wale wenye ndugu au rafiki aliyekwisha kwenda Guangzhou na kurudi.

Tunaangalia sana tamthilia za Kikorea. Mbona hatujifunzi Kikorea?

Swali zuri, na jibu lake linafundisha. Marekani, kati ya 2016 na 2021, wanachuo waliojiandikisha kusoma lugha za kigeni walipungua kwa asilimia 16.6, lakini waliosoma Kikorea waliongezeka kwa asilimia 38.3. Muziki na tamthilia vimefanya kazi ambayo hakuna wizara ingeweza kuifanya.

Hapa hosteli nzima inajua majina ya waigizaji, ila tamthilia inatufikia ikiwa tayari imetiwa Kiswahili, na wakati mwingine inasimuliwa na dijei anayeongeza vionjo vyake. Tunapata hadithi bila kuigusa lugha. Silalamiki, wale madijei wana kipaji. Nasema tu kwamba kupenda utamaduni hakuzai kujifunza lugha mpaka kuwe na pengo ambalo lugha peke yake ndiyo inaweza kuliziba.

Mwalimu, mbona mimi ni bubu kwenye Kiingereza lakini kwenye Kijerumani naongea?

Hauko peke yako. Naliona kila muhula na bado linanivutia.

Chukua darasa la Jumanne jioni. Dada mmoja wa mwaka wa tatu, kwenye lekcha za Kiingereza hukaa safu ya nyuma karibu na dirisha, na akiulizwa huweka kiganja mdomoni kabla ya kujibu. Saa kumi na moja anaingia Kijerumani, anakaa mbele, anasema sentensi yenye makosa matatu, anacheka mwenyewe, anairudia. Mdomo hana habari nao.

Kiingereza kwake kina historia. Alikisoma kama somo shule ya msingi, halafu kidato cha kwanza kikageuka kuwa lugha ya kila somo kwa siku moja. Katika baadhi ya shule anayenaswa akisema Kiswahili huvalishwa kibao shingoni. Baadaye chuoni, akijaribu kuongea Kiingereza kwenye diskasheni, wenzake wanamwambia anajifanya. Akikosea anachekwa, akipatia anaringa. Njia zote mbili zina aibu. Kijerumani hakina kibao wala hakuna anayetegemewa kukijua, kwa hiyo kukosea ni haki ya kila mtu.

Elaine Horwitz na wenzake walitengeneza mwaka 1986 kipimo cha hofu ya darasa la lugha chenye kauli 33, na tangu hapo kimetumika katika nchi nyingi. Hofu ipo kila mahali, sababu zake ndizo zinazobadilika. Mahali pengine mtu anaogopa mwalimu, pengine anaogopa alama. Kwetu naona mtu anaogopa zaidi wenzake wa rika lake, na hofu hiyo hubebwa na lugha moja tu, si zote. Mwalimu anayesema wanafunzi wa Kitanzania ni wapole na hawapendi kuongea aje aketi darasa la Kijerumani.

Wageni wanaojifunza Kiswahili hapa wanatofautianaje?

Kwanza tahadhari: ninayoyasema yanatokana na madarasa niliyoyaona, na katika kila kundi yupo anayekwenda kinyume.

Vijana wa Kijerumani wanaojitolea hospitalini au shuleni kwa mwaka mmoja huja na sarufi kichwani. Wanataka kujua ngeli zote kabla ya kuagiza chai. Wamarekani wa muhula mmoja huongea siku ya kwanza, kwa furaha, na wengi hufurahia kusifiwa, kisha husimama pale ambapo sifa zinawatosha. Wakorea wa makanisa niliowafundisha wanaandika kila neno, wanakaa kimya wiki kadhaa, na siku wakifungua mdomo sentensi inatoka nzima. Mkongo au Mrundi anayesoma chuo hapa hasomi Kiswahili, anakirekebisha. Amekuja na cha kwao, anagombana nacho sokoni Mbuyuni, na baada ya muda anapunguziwa bei kama wenyeji.

Unaona tena suala la nani yuko nyuma. Mjerumani ana cheti cha kujitolea na familia aliyofikia. Mmarekani ana alama za muhula. Mkorea ana kanisa lililomtuma. Mrundi ana maisha ya miaka mitatu ya kuishi, na huyo ndiye anayefika mbali, ingawa hakuna aliyempa dodoso.

Jambo moja la kuudhi kidogo: tunawasifia mno. Mgeni akisema mambo vipi, soko zima linapiga makofi. Tunadhani tunampa moyo, kumbe tumempa ruhusa ya kuishia hapo.

Kujua lugha ya kabila na Kiswahili kunasaidia kujifunza ya tatu?

Kunasaidia. Aliyekua na Kimeru, Kimaasai au Kichaga nyumbani na Kiswahili barabarani hashangai kwamba kitu kimoja kina majina mawili. Ila wengi hawajihesabii hivyo. Muulize anajua lugha ngapi, atakwambia moja na nusu, akimaanisha Kiswahili na Kiingereza cha kuokota. Lugha ya bibi yake ameisahau kuihesabu.

Chuo kinatulazimisha kusoma lugha. Lazima inaua hamasa?

Lazima isiyo na mlango inaua. Hungaria iliwalazimisha wanafunzi kusoma Kirusi mpaka mwaka 1989, na wengi walitoka baada ya miaka mingi bila kuweza kukizungumza. Baadaye Dörnyei na wenzake waliwauliza vijana zaidi ya 13,000 wa huko, kwa awamu tatu kati ya 1993 na 2004, kuhusu lugha tano, na Kirusi kilikuwa na mvuto mdogo kabisa. Kosa halikuwa la Kirusi.

Kwa upande mwingine nimeona kozi ya lazima ya Kifaransa ikizaa wapenzi wa Kifaransa, kwa sababu chuo kiliwapeleka wanafunzi kufanya mazoezi ya kazi hotelini ambako wageni walikisema kweli. Ukiniuliza, ningeacha lazima ibaki muhula mmoja, halafu mtu achague lugha. Wanaopata sapu, yaani kurudia mtihani, kwenye lugha ambayo hawakuichagua huichukia maisha.

Nafanya tasnifu kuhusu mada hii. Dodoso la Dörnyei au la Gardner naweza kulitumia kama lilivyo?

Hapana, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kila mwaka ninasoma makosa yaleyale.

Kosa la kwanza ni kauli zenyewe. Dodoso linauliza kama ungependa kuishi kama wasemaji wa lugha hiyo. Mwanafunzi wa Kihispania wa Ngaramtoni atamwaza nani? Mtalii wa Barcelona, padri kutoka Mexico, au mchezaji wa Real Madrid? Kauli inayomtaja mtu asiyejulikana hupata jibu lisilojulikana. Andika mtu ambaye mhojiwa anaweza kumwona: mgeni anayemhudumia, mwalimu wake, ndugu aliye nje.

La pili ni adabu. Ukigawa karatasi darasani, wewe ni kaka au dada yao wa mwaka wa mwisho, wameambiwa na mhadhiri wakusaidie. Watakubali kila kauli. Nimeona tasnifu ambayo asilimia kubwa ya watu walikubaliana kabisa kwamba wanapenda Kifaransa, na walikubaliana kabisa pia kwamba wanakisoma kwa kulazimishwa. Weka kauli za kinyume, changanya mpangilio, na usigawe mbele ya mhadhiri.

La tatu ni kulinganisha wastani wa nchi mbili. Mwanafunzi anapata 4.3 Moshi, anasoma makala ya Japani yenye 3.4, anaandika kwamba Watanzania wana hamasa zaidi. Huenda ni kweli. Huenda pia ni kwamba Wajapani wengi huweka alama katikati kwa staha na sisi tunaweka mwisho kwa staha. Linganisha mahusiano ya ndani ya kila kundi: nini kinaambatana na juhudi kwao, na nini kwetu. Hivyo ndivyo utafiti wa Japani, China na Iran ulivyofanya, na ndiyo sababu una thamani.

La nne, Hofstede. Karibu kila tasnifu inasema Tanzania ni jamii inayotanguliza kundi kuliko mtu mmoja na kumtaja Geert Hofstede, Mholanzi aliyezipa tamaduni za nchi alama, kisha inaeleza kila kitu kwa alama hiyo. Takwimu zake za mwanzo zilitoka kwa wafanyakazi wa IBM wa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na Tanzania iliunganishwa na Kenya, Ethiopia na Zambia ikaitwa Afrika Mashariki. Alama hiyo itakueleza nini kuhusu binti wa Simanjiro na kijana wa Soweto ya Moshi wanaokaa dawati moja? Tofauti kati yao inaweza kuwa kubwa kuliko ile ya kijana wa Moshi na kijana wa Milano ambao wazazi wote wana hoteli.

Ushauri wangu wa kweli: fanya dodoso fupi, halafu kaa na watu wanane au kumi, mmoja mmoja, nje ya chuo, kwa Kiswahili. Uliza siku waliyoamua. Uliza nani aliwacheka na nani aliwatia moyo. Utapata zaidi ya karatasi 200.

Mimi ni mzazi. Binti yangu anataka kusoma Kijerumani aende kulea watoto au kusomea uuguzi huko. Ni kitu cha kweli au ni ndoto?

Shikamoo mzazi. Ni kitu cha kweli, ila kina ngazi. Kwa programu ya kuishi na familia na kuangalia watoto, Ujerumani hudai kiwango cha A1, cha chini kabisa kati ya viwango sita vya lugha (A1, A2, B1, B2, C1, C2), na umri usiofika 27. Mafunzo ya kazi ya uuguzi kwa kawaida huanzia B1, na muuguzi aliyekwisha kuhitimu hapa kwa kawaida hudaiwa B2 kabla ya kutambuliwa kikamilifu.

Anayekwambia atamfikisha B2 kwa miezi mitatu, mwombe apige hesabu mbele yako. Goethe-Institut hukadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kutoka sifuri. Kwa miezi mitatu, Jumatatu hadi Jumamosi, hiyo ni karibu vipindi vinane kila siku kwa makadirio ya chini, bila kuugua wala msiba. Usilipe fedha zote mbele.

Na ukiniruhusu kusema zaidi: mwache naye aeleze kwa nini anataka. Nimewafundisha mabinti waliotumwa na nyumbani na mabinti waliojituma wenyewe, na wote wamefika. Walioshindwa wengi ni wale ambao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Sina fedha ya kozi. Nifanye nini?

Alliance Française ya Arusha ina maktaba na shughuli za utamaduni, nenda hata kabla ya kujiandikisha. Makanisa yenye ushirikiano na Ujerumani huwa na vijana wa kujitolea wanaotaka Kiswahili, mpange saa moja kwa saa moja: nusu lugha yake, nusu yako. Wengi wao wanakaa Usa River, Moshi mjini na karibu na hospitali ya KCMC, na wanachoka kuongea na Wajerumani wenzao. Aprili na Mei, mvua zikinyesha na wageni wakipungua, waongoza watalii wana muda. Ukimkuta mmoja mwenye Kihispania kizuri, mnunulie supu na umwache aongee.

Hamasa yangu hufa kila wiki za majaribio zikifika. Ni mimi au ni kila mtu?

Ni kila mtu. Watafiti wanaofuatilia darasa kwa dakika wanaona hamasa ikipanda na kushuka ndani ya kipindi kimoja. Wiki za majaribio usijidai unasoma sura nzima. Tumianeni ujumbe wa sauti na mwenzako, dakika mbili kila mmoja, kwa lugha hiyo tu, hata kama ni kulalamika kuhusu chakula cha kantini. Lipia mtihani mapema kama unaweza. Tarehe iliyolipiwa haisahauliki.

Naweza kuanza lugha mbili kwa mpigo?

Usianze. Fikisha moja A2 kwanza, kisha njoo tuzungumze.